Mihuri ya Brest

Alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1891, Charles Terront aliingia Paris juu ya baiskeli yake baada ya saa 71 na dakika 22 njiani. Alikuwa ameondoka jijini humo asubuhi ya tarehe 6, akaenda hadi Brest, bandari iliyo kwenye ncha ya magharibi ya Ufaransa, akageuza na kurudi. Ni kilomita 1,200, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, na alizimaliza bila kulala. Maelfu ya watu walijitokeza kumpokea, na jina lake halikosekani katika kitabu chochote cha historia ya baiskeli.

Wenzake walikuwa bado njiani. Zaidi ya watu 200 walianza safari ile, na wapatao 100 tu ndio walioiona tena Paris ndani ya siku kumi zilizowekwa. Wengi wao hawakuwa na kampuni ya kuwalipa wala mtu wa kuwangoja na supu ya moto. Anayetaka kujua fahari ya mwendesha baiskeli wa ridhaa ilianzia wapi awafuate hao, amwache Terront na umaarufu wake.

Safari hiyo ilibuniwa na Pierre Giffard, mhariri wa gazeti la Le Petit Journal, aliyeandika habari za baiskeli kwa jina la bandia la Jean-sans-Terre. Wakati huo watu wengi waliiona baiskeli kuwa kichezeo cha vijana wenye fedha. Giffard aliamini kuwa ni chombo cha usafiri, na alitaka taifa zima lishuhudie. Ndiyo maana masharti yake yalikuwa ya msafiri kuliko ya mwanariadha: mtu abebe chakula na nguo zake mwenyewe, na atumie baiskeli ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Baiskeli zilitiwa lakiri ili mtu asibadilishe kwa siri, na kila mshiriki alipewa kijitabu cha kugongewa muhuri katika miji iliyoteuliwa. Wanawake hawakuruhusiwa, wala wageni wasio Wafaransa. Dosari hiyo ya pili ilirekebishwa upesi. Ya kwanza ilichukua miaka mingi.

Nyota wa mbele, lakini, walikuwa na vita yao. Terront alipanda tairi mpya za upepo za Michelin, ambazo ziliweza kuvuliwa kwenye rimu na kuzibwa barabarani. Mpinzani wake mkubwa, Jiel-Laval, alitumia za Dunlop. Pancha moja iliweza kula saa nzima, na bado wote wawili walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliotumia mpira mgumu usio na upepo, ambao ulipeleka kila jiwe la barabara moja kwa moja mgongoni. Jiel-Laval ndiye aliyeongoza kurudi kutoka Brest. Usiku, akiwa Guingamp, uchovu ulimlemea, akajilaza. Watu wa Terront walipopata habari hiyo walimpitisha mtu wao mjini kimyakimya, na Jiel-Laval alipoamka alikuwa tayari amepitwa. Aliingia Paris saa kadhaa nyuma, na Michelin wakapata tangazo ambalo fedha haziwezi kununua.

Giffard mwenyewe aliona kwamba safari nzito namna hiyo haiwezi kufanywa kila mwaka. Ikaamuliwa irudiwe baada ya miaka kumi.

Mwaka 1901 waandalizi walifanya jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Waliwagawa washiriki makundi mawili. Upande mmoja walikuwapo wakimbiaji wa kulipwa wapatao 25, na upande wa pili watalii wa barabarani zaidi ya 100, watu wa kazi nyingine kabisa waliotaka kujua kama miili yao ingefika Brest na kurudi. Kwa wakimbiaji, mshindi alikuwa Maurice Garin kwa saa 52 na dakika 11. Huyo ndiye aliyeshinda Tour de France ya kwanza miaka miwili baadaye. Habari zake zilisafirishwa kwa simu ya maandishi kutoka mji hadi mji, na wasomaji wa Paris walijua alipo karibu saa kwa saa.

Katika kundi la pili alikuwamo mzee wa miaka 65 aliyeitwa Rosière. Alimaliza kwa saa 200 na ushei, yaani siku nane na zaidi, karibu mara nne ya muda wa Garin. Kwa hesabu ya mashindano, mzee huyo hakuwa na nafasi yoyote. Hata hivyo jina lake limehifadhiwa pamoja na la bingwa, na hiyo ni haki yake. Garin alithibitisha kwamba binadamu mwenye kipaji, mazoezi na watu wa kumhudumia anaweza kwenda kasi sana. Rosière alithibitisha kwamba mtu wa umri wa babu, akiwa na subira na baiskeli nzima, anaweza kuivuka nchi na kurudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Kwa Giffard, aliyetaka baiskeli iwe ya watu wote, ushahidi wa mzee ulikuwa na uzito kuliko wa bingwa.

Mwaka huohuo Charly Miller wa Chicago alikuwa Mmarekani wa kwanza kuikamilisha safari hiyo. Alitumia saa 56 na dakika 40, akashika nafasi ya tano. Muda huo utarudi mbele kidogo.

Safari ikaingia hata jikoni. Mwaka 1910 mwokaji Louis Durand wa Maisons-Laffitte, kwa ombi la Giffard, alitengeneza keki ya duara mfano wa gurudumu, yenye krimu tamu ya pralini ndani na lozi juu. Inaitwa Paris-Brest, na maduka ya keki ya Ufaransa yanaiuza mpaka leo kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga pedali.

Wakati mashindano yakizidi kuwa ya watu wa kulipwa, waendeshaji wa ridhaa walikuwa wakijijengea ulimwengu wao. Baba yao wa kiroho huko Ufaransa alikuwa Paul de Vivie, mfanyabiashara wa hariri wa Saint-Étienne aliyezaliwa mwaka 1853 na kujulikana zaidi kwa jina la Vélocio. Alianzisha jarida la Le Cycliste, akapanda milima usiku na mchana, na akahubiri bila kuchoka kwamba baiskeli iwe na gia nyingi. Henri Desgrange, bwana mkubwa wa Tour de France, hakutaka kusikia. Kwake gia zilikuwa za watu dhaifu. Lakini mwaka 1902, katika jaribio la milimani lililoandaliwa na Touring Club de France, Marthe Hesse akiwa na baiskeli ya gia tatu alimpita Edouard Fischer, mkimbiaji wa kulipwa aliyekuwa na gia moja. Tour de France haikuruhusu mashine ya kubadilishia gia hadi mwaka 1937. Kwa miongo yote hiyo, karani au mwalimu aliyekwenda kutalii siku ya mapumziko aliweza kupanda mlima kwa gia nyepesi aliyoichagua, huku bingwa wa dunia akishuka kwenye baiskeli kugeuza gurudumu la nyuma. Ubunifu mwingi anaoufaidi mwendesha baiskeli wa leo ulipevushwa na watu hawa wa ridhaa, na sifa yao ni ndogo mno kuliko wanavyostahili.

Mwaka 1904 ilianzishwa Audax Club Parisien, klabu ya waliopata vyeti vya safari ndefu zilizofanywa kikundi. Utaratibu wa safari hizo ulikuwa mkali: kiongozi wa msafara alishika mwendo mmoja, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita wala kubaki nyuma sana. Mwaka 1921 klabu hiyo iliachana na utaratibu huo na kuanzisha wake, kila mtu na mwendo wake, mradi afike kila kituo baada ya kufunguliwa na kabla ya kufungwa. Sheria hiyo fupi ndiyo iliyoubeba mchezo mzima wa masafa marefu. Mwenye nguvu aliweza kukimbia, mwenye hekima aliweza kulala, na wote wawili walipewa cheti kilekile.

Halafu ukaja mwaka 1931. Waandalizi wa mashindano makuu walitaka wakimbiaji wa kulipwa tu, na watalii wa barabarani wakafungiwa mlango. Ilikuwa dharau ya wazi kwa watu walioipa safari hiyo roho tangu siku ya kwanza. Hawakunung'unika tu. Camille Durand na wenzake wa Audax Club Parisien waliandaa Paris–Brest–Paris ya kwao, ya mwendo huru, na chama kingine kikaandaa ya kwenda kwa msafara. Basi mwaka huo barabara ileile ilipitiwa na mikondo mitatu. Mwaustralia Hubert Opperman aliyashinda mashindano ya kulipwa kwa takriban saa 49 katika hali mbaya ya hewa, na baadaye alikuja kuwa waziri nchini mwake. Kwenye mkondo wa ridhaa, wanawake waliokataliwa miaka 40 kabla walikuwamo. Paulette Vassard alikwenda na kurudi kwenye baiskeli ya mtu mmoja, na wengine walikamilisha kwenye baiskeli za watu wawili pamoja na waume zao.

Kilichofuata ni mojawapo ya mageuzi yanayofurahisha zaidi katika historia ya michezo. Mwaka 1951 Maurice Diot alishinda kwa saa 38 na dakika 55, kasi ya kutisha kwa umbali ule. Ikiwa imebaki kama kilomita 20, mwenzake Edouard Muller alipata pancha. Diot alimsubiri, wakaendelea pamoja, kisha akamshinda kwa mbio za mwisho uwanjani. Baada ya ushindi huo wa kiungwana hapakuwa na mwingine. Waandalizi walijaribu tena mwaka 1956 na 1961, lakini wakimbiaji wa kulipwa waliojiandikisha walikuwa wachache mno. Muda waliohitaji kujiandaa na kupona ulikuwa mrefu, na mikataba yao iliwataka waonekane kwenye mashindano mengine. Waliofungiwa mlango mwaka 1931 wakabaki na nyumba nzima. Waliifanya kila baada ya miaka mitano, na tangu mwaka 1975 kila baada ya miaka minne. Mwaka 2003 washiriki walizidi 4,000, na mwaka 2019 walipita 6,000, kutoka mabara yote.

Mtu anayetaka kujua ugumu wake autazame kwanza mlango wa kuingilia. Hakuna anayekubaliwa kwa kulipa ada peke yake. Mwaka wa safari, kila mmoja lazima akamilishe safari nne za kufuzu: kilomita 200 ndani ya saa 13 na nusu, 300 ndani ya saa 20, 400 ndani ya saa 27, na 600 ndani ya saa 40. Anayeshindwa moja hurudia au hukaa nyumbani. Akishafika Ufaransa ana saa 90 kwa kiwango cha kawaida, na wapo wanaochagua 84 au 80. Kutoka Paris hadi Brest hakuna mlima mmoja wa kutisha. Roc'h Trévezel, kilele maarufu cha njia hiyo huko Bretagne, hakifikii mita 400 juu ya usawa wa bahari. Mateso yake ni ya kidogokidogo: kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, usiku na mchana, hadi jumla ya mita zilizopandwa inazidi 11,000, karibu mara mbili ya kimo cha Kilimanjaro.

Kituoni mambo huenda hivi. Mwendeshaji anaegemeza baiskeli kwenye chuma kirefu pamoja na mamia ya nyingine, anatembea kwa viatu vyenye chuma kwenye soli vinavyoteleza sakafuni, na anatoa kadi kutoka kwenye mfuko wa plastiki aliouvaa shingoni. Nyuma ya meza amekaa mtu wa kujitolea, mara nyingi mstaafu wa kijiji hicho. Anagonga muhuri, anaandika saa kwa kalamu, anatia sahihi. Siku hizi kuna pia kifaa cha kielektroniki cha kurekodi muda, lakini kadi haijaondolewa. Kisha anakwenda kwenye foleni ya supu, tambi au wali. Mwenye muda wa kulala anaelekea kwenye ukumbi wa michezo wa shule uliojaa vitanda, anataja saa anayotaka kuamshwa, na mtu mwingine wa kujitolea anaiandika karibu na namba ya kitanda. Ikifika, anaguswa bega. Msaada wa watu wa nyumbani unaruhusiwa vituoni tu, na anayekamatwa akihudumiwa kwa gari katikati ya njia huadhibiwa. Vipo hata vituo vya siri ambavyo hakuna aliyetangaziwa, ili asipatikane wa kukata kona.

Usiku wa tatu ndio mgumu kuliko yote. Watu hulala popote: pembeni ya barabara chini ya karatasi za kuhifadhi joto, kwenye vibaraza vya makanisa, ndani ya vyumba vya mashine za fedha za benki kwa kuwa vina joto. Wengine huona watu na wanyama barabarani ambao hawapo. Wengine misuli ya shingo hugoma kabisa, kichwa kikainama kisiinuke, wakalazimika kukishikilia kidevu kwa mkono mmoja. Ganzi ya vidole inaweza kudumu wiki kadhaa baada ya safari. Mwaka 2007 mvua na upepo wa kukabili viliwaandama karibu njia nzima, na takriban asilimia 30 hawakumaliza. Waliomaliza mwaka ule wanautaja mwaka wenyewe kwanza, kabla ya muda waliotumia.

Wasingefika bila watu wa vijijini. Katika njia nzima familia huweka meza mbele ya nyumba zao na kugawa kahawa, maji na keki usiku wa manane, na watoto hunyoosha mikono kuwasalimu wapitao. Katika kitongoji cha La Tannière ipo desturi inayojulikana kwa waendeshaji wa dunia nzima: chapati za Kifaransa na kahawa hutolewa bure, na malipo yanayoombwa ni postikadi kutoka kwa mgeni akisharudi kwao. Hizo postikadi zimebandikwa ukutani kwa mamia.

Cheti hakina nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Orodha hutaja majina na muda, bila mshindi. Lakini binadamu hupenda kipimo, na waendeshaji wa ridhaa wamekuwa hodari wa kujitungia vipimo vyao. Mwanaastronomia wa Cambridge Arthur Eddington, ambaye mwaka 1919 alikwenda kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, kuchunguza kupatwa kwa jua na kuithibitisha nadharia ya Einstein, alikuwa mpenda baiskeli mkubwa. Alijiwekea hesabu hii: namba yako ni idadi ya siku ambazo umeendesha angalau maili nyingi kiasi hichohicho. Mwenye siku 50 za maili 50 au zaidi ana namba 50. Alipofariki mwaka 1944, Eddington alikuwa amefika 84. Uzuri wa hesabu yake ni kwamba haidanganyiki kwa safari moja ya kishujaa. Mtu aliyefika 84 akitaka kupanda hadi 85, siku zake zote alizoishia maili 84 hazimsaidii tena. Inamtaka arudi barabarani mwaka baada ya mwaka.

Waliokwenda Brest nao wamejigawa kwa hiari katika jamii mbili za heshima, zote zenye asili ya Marekani. Moja ina jina la Charly Miller, na kuingia humo sharti Mmarekani amalize kwa muda usiozidi ule wa 1901, saa 56 na dakika 40. Ni wachache wanaoweza, hata kwa baiskeli nyepesi na lami laini za leo, na hilo linaonyesha Miller alikuwa mtu wa namna gani. Ya pili ina jina la marehemu Adrian Hands, aliyekamilisha safari ya 2003 kwa saa 88 na dakika 55, na inawapokea wanaomaliza kwa muda huo au zaidi kabla ya saa 90 kutimia. Wanachama wake ni watu waliokaa ukingoni siku nne mfululizo, wakiingia kila kituo zikiwa zimebaki dakika chache, bila akiba ya muda wa kulala vizuri, na wakafika. Mwenye saa 60 aliona usiku mara mbili au tatu na kupumzika. Mwenye saa 89 alibeba safari yote. Kati ya jamii hizo mbili, ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na mzee Rosière.

Safari ya 20 ya Audax Club Parisien, kwa kuhesabu tangu ile ya 1931, ilianza Rambouillet, kusini-magharibi mwa Paris, Agosti 2023, na inayofuata ni ya 2027. Kwa utaratibu uliotumika miaka ya karibuni, nafasi za kujiandikisha hufunguliwa mapema zaidi kwa waliokamilisha masafa marefu zaidi mwaka uliotangulia: wa kilomita 1,000 au zaidi kwanza, kisha wa 600, wa 400, wa 300, na mwisho wa 200. Anayeitaka Brest ya 2027, basi, kazi yake inaanza mwaka 2026, kwenye barabara za kwao, kwa kadi ya safari fupi na muhuri wake wa kwanza.